Chumba cha Kuamkia Kimejaa

Mihambo aliposhuka kwenye kiberenge pale Chilonje, hakuna aliyemuuliza habari za safari. Hapo ndipo alipojua mambo yameharibika kweli. Watu wa Chilonje ni watu wa kukuuliza habari za safari, na za huko utokako, na za mguu ulioteguka mwaka juzi, mpaka mzigo unakuchosha begani. Leo wanawake waliokuwa wakikata zabibu kando ya reli walinyanyua vichwa, wakamtazama, wakarudi kwenye visu vyao.

Aliyempokea alikuwa Sikudhani, mlezi wa mtambo wa maji. Alikuja akiyumba kushoto na kulia, mwendo wa miguu iliyopinda nje kama upinde, mwendo wa wote waliokua Chilonje miaka ile mibaya. Marehemu mke wa Mihambo alikuwa shangazi yake, kwa hiyo alimwita mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nipe huo mkoba. Twende moja kwa moja kwenye mtambo."

"Marahaba. Hata maji ya kunywa hunipi?"

"Maji ndiyo hayo hayo niliyokuitia."

Wakaenda. Mihambo alikuwa fundi wa kutembea. Kwake kulikuwa mkobani: bisibisi, nyaya, shuka moja na kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa ametengeneza mitambo ya maji, ya taa na ya kuhesabu ng'ombe kuanzia kwao Unyamwezi mpaka nchi ambazo majina yake alishindwa kuyatamka sawasawa. Shule aliisoma vipande vipande, kipande hapa, kipande kule, mahali pengine mwalimu akiwa ni mtambo wenyewe. Chilonje alirudi mara moja kila mwaka, na sababu yake kila mtu aliijua. Mwaka huu siku yake ilikuwa haijafika, lakini Sikudhani alikuwa amempigia simu, sauti imemkauka.

Nyumba ya mtambo pale mlimani ilikuwa ya mawe, na juu yake vioo vya jua vilikuwa vimelala chini ya wingu zito la masika. Mihambo aliangalia wingu kwanza, kisha mtambo. Akaunganisha waya, akasoma.

Maneno yalikuwa machache. Sasisho limeshindikana. Nafasi haitoshi katika chumba cha kuamkia.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Mpaka nikaona aibu."

"Na umefuta nini?"

Sikudhani akaangalia nje, kule kwenye mizabibu. "Kiini changu."

"Chako kipi?"

"Si ninacho kimoja tu, mjomba? Hiki ninachokilea."

Mihambo akavua kofia. "Hiki kinachofanya kazi sasa hivi? Mwanangu, umeuza nyumba, mwenyewe yumo ndani anapika!"

"Ningefuta kipi? Cha shangazi? Au cha Mzee Zamoyoni? Wale ni marehemu. Mimi nipo, nikasema kingine nitakilea."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu aliyewapisha wakubwa kwenye benchi. Mahali pengine popote duniani mlezi angefuta vya zamani akabakiza kipya. Chilonje tu ndiko mlezi angeona haya kuwatoa marehemu ndani, akatoka yeye.

*

Mtambo wa maji, kila uamkapo, huanzia chumba kidogo kilichokatwa kiwandani, ambacho hakipanuliwi wala hakihamishwi. Humo hukaa viini. Kiini ndicho akili ya mtambo: ndicho kinachojua kisima kina kina gani, koki ipi ifunguliwe, vichujio vinasemaje. Sasisho likija, huleta kiini kipya na kukiweka kando ya vya zamani, ili kipya kikianguka cha nyuma yake kishike kazi. Viini vya kwanza vilikuwa vyembamba. Vya siku hizi ni vinene, vinajua mengi.

Na kiini hakizaliwi kikijua watu. Hulelewa. Mlezi hukaa nacho msimu mzima, akizungumza, akikosoa, akicheka, mpaka kinashika namna yake ya kusema na namna yake ya kufikiri. Kikishalelewa, chumba hukigonga muhuri, na hakiamki tena popote pengine. Unaweza kukinakili ukakiweka mfukoni, lakini kitakuwa bubu milele.

Cha kwanza kabisa Chilonje alikilea Nyemo.

Mihambo alikuwepo. Alikuwa kijana aliyekuja kuunga mabomba kwa mkataba mfupi, akakuta msichana amekaa sakafuni mbele ya mtambo akipepeta uwele na kuusimulia mtambo habari za mji, nani ana mtoto mchanga, nani kagombana na nani. "Usianze na nyumba kubwa," alikuwa akiuambia. "Anza na penye mtoto mchanga. Mwenye mtoto hana muda wa kusimama foleni." Mtambo ukauliza mtoto huwa mchanga mpaka lini. Nyemo akacheka mpaka uwele ukamwagika, akamgeukia yule kijana mlangoni: "We Mnyamwezi, umesimama hapo kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Njoo uuambie mtoto huwa mchanga mpaka lini."

Mkataba uliisha. Mihambo hakuondoka.

Siku zile kisima kilikuwa kifupi na maji yake matamu, ukiyanywa unasikia ubaridi wa jiwe. Alfajiri mtambo uliita kwa sauti ya Nyemo, nyumba moja moja, na neno la ziada kwa kila nyumba. Kwa Masima, maji, na paa lenu linavuja. Kwa Mbijima, maji, mtoto anaendeleaje? Watu waliamka wakicheka. Hata Mihambo, aliyekuwa na Nyemo mwenyewe pembeni mwake kitandani, alipenda kuisikia ile sauti nyingine ikitoka mlimani.

Nyemo alipofariki, Mihambo alizika, akakaa mpaka tanga likaondolewa, akafunga mkoba. Baadaye mji ulijiwekea desturi. Siku ya mwaka wa kifo chake, watu walijaza mitungi mapema, wakaifunga koki kubwa kwa mnyororo, wakauamsha mtambo kwa kiini cha Nyemo. Siku nzima ukaita nyumba za zamani, hata zile zilizobaki vichuguu, na walio hai wakaitika kwa niaba. Jioni kiini kililazwa, na mambo yakarudi yalivyo. Kwa siku hiyo moja Mihambo alivuka nchi.

*

Mhembano aliingia bila kubisha. Alikuwa baba yake Sikudhani na kaka yake Nyemo, mzee mrefu mwenye kofia ya pama na ulimi wa kuchonga. Nyuma yake alikuja Mama Sihaba, mjane wa Zamoyoni, mlezi wa pili wa mtambo, ameshika ukili wa ukindu ambao vidole vyake haviachi kuusuka.

"Shemeji," Mhembano akasema. "Nasikia umekuja kabla ya siku. Njaa imekuzidi huko Unyamwezini?"

"Njaa iko huku, shemeji. Nimekuja kuwaletea akili."

"Haya, itoe tuione. Mtambo unapona?"

Mihambo akawaeleza kama alivyozoea kuwaeleza watu, bila kuzunguka. Mtambo ulikuwa ukitembea kwa kiini kilichokwisha kufutwa. Kiliendelea kuwepo kwenye kumbukumbu yake kwa sababu umeme haujakatika. Ukikatika, hakipo. Mtambo utaamka na kushika cha kwanza kwenye orodha, na orodha imefungwa mpaka sasisho likamilike.

"Na cha kwanza ni?"

"Cha Nyemo."

Mama Sihaba akaacha kusuka.

Kila mtu humo ndani alijua maana yake. Kiini cha Nyemo kilikijua kisima kifupi. Kisima kile kilikauka, wakachimba kwenda chini, kwenye maji yenye floraidi, ile chumvi ya chini ambayo haionekani wala haionjeki, lakini hubadilisha meno ya mtoto yakawa kahawia na kupinda mifupa yake. Tangu Zamoyoni alipoleta vichujio, maji yalichujwa kwanza. Sasa vichujio vile vilikuwa vimechoka. Vipya vilikwisha kufungwa na vilingoja tu kiini kipya cha kuongea navyo. Kiini cha Nyemo hakikujua kichujio ni nini. Kingefungua koki na kuita watu kwa furaha.

"Basi futa hilo jipya lililokwama, uanze upya," Mhembano akasema.

"Nimeshalitoa, lilikuwa nusu. Bado nafasi haitoshi. Kiini kipya ni kinene. Ndani ya chumba kitakaa hicho kipya na cha akiba kimoja tu. Kimoja cha zamani kitoke."

Nje radi ilinguruma mbali, na taa ya mtambo ikafifia kidogo kisha ikasimama.

"Kitoke cha mume wangu," akasema Mama Sihaba.

"Mama…"

"Sikiliza, Mihambo. Zamoyoni alikuwa mtu mzuri lakini sauti yake ilikuwa kama mlango unaohitaji mafuta. Nilikuwa namwambia akiwa hai. Hakuna anayeweka siku kwa ajili ya sauti ya Zamoyoni, hata mimi mwenyewe. Mkisikia cha Nyemo mnafurahi mpaka watoto wasiomjua wanafurahi. Toa cha mume wangu. Mimi namkumbuka bila mtambo."

"Umemsikia mwenye mali," Mhembano akasema haraka. "Futa."

"Shemeji, kiini kipya kikianguka siku moja, akiba ndiyo itakayoamka. Cha Zamoyoni kinajua kuchuja. Cha Nyemo hakijui."

"Kitaanguka lini?"

"Labda kisianguke kabisa."

"Sasa? Tutafunga mnyororo kama tunavyofanya."

"Mnyororo mnafunga kwa sababu mnajua siku. Mtambo ukianguka hautawapa taarifa."

Mhembano akasogea karibu, akashusha sauti. "Mihambo. Mimi sina picha yake. Ile moja tuliyokuwa nayo mchwa waliila. Wewe unakuja mara moja kwa mwaka unasikia, unaondoka. Mimi nabaki nikihesabu mpaka siku nyingine. Mwenye mali amekuruhusu. Unataka nikupigie magoti?"

"Usinipigie magoti."

"Basi futa cha Zamoyoni, twende tukale."

*

Alibaki peke yake na mtambo. Wale wazee walitoka wakakaa kibarazani, na Sikudhani alikwenda kuangalia betri.

Ingekuwa uongo kusema Mihambo alisita. Aliandika jina la kiini cha Zamoyoni, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili kama alivyojifunza mwenyewe. Mwenye mali ameruhusu. Kaka wa marehemu ameomba. Mji mzima ungeshukuru. Na yeye mwenyewe, mzee asiye na kwao, angebaki na mahali pa kurudi. Kiini kipya kilikuwa imara, alikuwa amekisoma, na kuanguka kwake kulikuwa jambo la mbali sana.

Mtambo ukauliza: una hakika?

Alijaribu kuwaza ile sauti ya Nyemo. Alikuta anaweza kuipata, lakini si yote. Alipata kicheko, na "we Mnyamwezi". Namna alivyotamka jina lake walipokuwa wawili tu hakuipata, kwa sababu mtambo haukuwahi kufundishwa hiyo.

Sikudhani alirudi akafuta mikono kwenye kanga. Akaona jina lililoandikwa kwenye kioo. Akakaa sakafuni, miguu ile akaikunjua mbele kwa shida.

"Betri zinashuka, mjomba. Wingu haliondoki."

"Naona."

"Nikuulize kitu? Shangazi alipofariki ulikwenda zako. Waliobaki kukuambia habari za huku, walikuambia nini kuhusu miaka ile?"

"Kwamba kisima kilikauka mkachimba chini. Kwamba maji yalikuwa mabaya na hamkujua."

"Na mtambo uliamka kwa kiini gani miaka hiyo, walikuambia?"

Mihambo akageuka.

"Mlezi mwingine hakuwepo mpaka Mzee Zamoyoni," Sikudhani akasema. "Kilikuwa chake tu. Shangazi alikuwa amekufa na kila alfajiri alikuwa anatuita. Mimi alinifahamu kwa jina, maana nilizaliwa yeye akiwa hai, na nyumba yetu ndiyo ilikuwa na mtoto mchanga. Hakuna aliyemfundisha kwamba nimekua. Kwa hiyo sisi tukaitwa wa kwanza miaka yote. 'Kwa Mhembano, maji, mleteni Sikudhani nimsikie.' Nilikuwa nakimbia na ndoo, mjomba. Nilikuwa na mbio kuliko wavulana. Nakunywa pale pale bombani ili anisikie ninavyokunywa, naye anacheka. Watoto wengine walinionea wivu."

Alisema akitabasamu. Hilo ndilo lililomshinda Mihambo, kwamba alikuwa anatabasamu.

"Baba yako anajua?"

"Baba alikuwa ananisindikiza. Hatulisemi hilo nyumbani." Akashika goti lake akalisogeza kwa mkono. "Sisemi hivi ili ukifute. Nampenda. Siku yake ikifika mimi ndiye ninayemwamsha, na bado anauliza niletwe. Ningependa abaki. Ila nikaona usije ukachagua hali hujui."

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mhembano alikuwa amesimama pale, pama mkononi, na haikujulikana alikuwepo tangu lini.

"Baba," akasema Sikudhani.

"Nimekusikia." Alikuwa anaitazama miguu ya binti yake kama anayeiona leo. "Ulikuwa unakimbia kweli. Nilikuwa nashindwa kukufikia."

Mvua ilianza, matone makubwa, machache, yakigonga vioo vya jua juu ya paa.

*

Mihambo alifuta lile jina aliloliandika, akaandika la Nyemo.

"Ngoja," Mhembano akasema. "Mwamshe kwanza. Tumuage."

"Siwezi, shemeji. Kumwamsha ni kuzima mtambo. Nikizima sasa, huyu anayetembea haamki tena, na koki iko wazi. Mnyororo uko wapi?"

"Ghalani."

"Mpaka ufike ghalani urudi, betri zimekwisha, kiini chake kimeamka chenyewe, na maji yameshafika majumbani."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

Mzee yule alisimama akipumua. Taa ikafifia tena, safari hii ikakawia kurudi. Mihambo alisogeza kidole.

"Ngoja, Mihambo! Toa mkono wako. Wewe ni mkwe." Akaingia ndani, akapiga goti mbele ya kioo, mifupa ikalia. "Siku ile kaburini nani alitia udongo wa kwanza?"

"Wewe."

"Basi nionyeshe pa kubonyeza. Herufi zenyewe sizioni vizuri."

Mihambo akamshika kidole cha shahada, akakiweka mahali pake. Mtambo ukauliza kama ana hakika. Mhembano akauliza umesema nini. Akaambiwa. Akajibu kwa sauti, kama mtu aliyeulizwa na mtu, "Ndiyo, mama, tuna hakika," na akabonyeza.

Halikutokea lolote la kuonekana. Mstari mmoja ulitoweka kwenye orodha na ule uliobaki ukapanda juu.

Mihambo akaitwa na kazi, na kazi ikamwokoa asiwatazame wenzake. Aliliita sasisho upya, akalitazama likijifungua, likikua, likipita pale lilipokuwa likifia siku zote. Akapanga orodha: kipya mbele, cha Zamoyoni nyuma yake. Akahakikisha kila kitu mara ya pili kwa sauti, Sikudhani akiitikia kila neno. Kisha akauzima mtambo.

Pampu ilipotulia, mji mzima ulinyamaza. Mtu hajui amezoea mngurumo mpaka uishe. Mama Sihaba alikuja mlangoni, akauliza kwa macho, akajibiwa kwa macho, akaketi karibu na Mhembano, akaendelea kusuka.

Mtambo ukaamka.

Sauti yake haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa safi, haina asili, kama sauti ya mtu aliyefundishwa Kiswahili ofisini. "Habari zenu. Maji haya siyajui. Nisubirini niyaonje."

"Ayaonje nini?" Mhembano akafoka. "Watu wana kiu!"

"Nisubirini niyaonje," mtambo ukarudia, na koki haikufunguka.

Wakasubiri. Huko nje watu walikwisha kukusanyika na ndoo chini ya mvua, wakilalamika, mmoja akisema mtambo gani huu hauna hata adabu ya kusema karibu. Vichujio vipya vilianza kuvuma, kwanza kimoja, kisha vyote. Mihambo aliketi sakafuni, mahali alipowahi kukaa msichana akipepeta uwele, akahisi baridi ya sakafu ikipanda mgongoni. Hakuwa na la kufanya. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu Nyemo, alisubiri maji ya Chilonje bila kuitwa.

Hatimaye maji yakatoka. Sikudhani alikinga kikombe cha kwanza, akakishika kwenye mwanga, asinywe. Akamletea.

"Utaondoka na kiberenge cha mchana?"

"Ndicho kilichopo."

"Na mwakani, utakuja?"

"Siku yenyewe haipo tena, mwanangu. Nije kufanya nini?"

"Kunywa maji," akasema Sikudhani.

Mihambo akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa chote, taratibu. Hayakuwa matamu kama yale. Akamrudishia kikombe, na alipoulizwa kama anaongeza, akasema anaongeza.